Kabari Nane za Mvule

Mpaka leo, nikiingia kanisa lolote lenye mnara, jambo la kwanza ninalofanya ni kutazama sakafu chini ya kengele. Madhabahu baadaye, kwaya baadaye. Naangalia kama kuna mchanga. Walio karibu nami hudhani nimedondosha sarafu, na mama mmoja aliwahi kuinama kunisaidia kutafuta. Sikumwambia ninatafuta nini, maana ningeanza kueleza nisingemaliza kabla ya mahubiri.

Nilifika Kampala kutoka magharibi ya Kenya mwaka uliofuata vita vya 1986. Mimi ni seremala. Mji ulikuwa umeporwa mpaka bawaba za milango, na mji usio na milango ni mji wenye kazi. Nilipanga chumba Kamwokya, nikaanza kutengeneza fremu za madirisha, vitanda na kaunta za maduka. Kiswahili changu kilinisaidia na kuniponza kwa pamoja. Lugha hiyo ilikuwa imekaa sana midomoni mwa wanajeshi, kwa hiyo mtu akinisikia nikiulizia misumari alinitazama mikono kwanza. Nikisema mimi ni Mkenya, wengine walilegea na wengine walizidi kukunja uso, kwa sababu siku zile serikali zetu mbili zilikuwa zikinuniana mpakani. Nilimjua fundi wa magari, Mkenya mwenzangu, aliyechukuliwa kwenda kuulizwa maswali. Alirudi baada ya wiki na hakusema alikuwa wapi. Mimi nikajiwekea kanuni: fanya kazi vizuri, nyamaza, rudi nyumbani.

Jumapili nilisali katika kanisa la mawe lililokuwa kwenye mteremko wa kupandia Naguru. Nalikumbuka jengo lile kuliko ninavyokumbuka nyumba nyingi nilizolala. Lilijengwa na kasisi Mwingereza wa zamani, marehemu wa siku nyingi, ambaye inaelekea hakuwa na picha nyingine ya kanisa kichwani isipokuwa lile alilobatiziwa utotoni kijijini kwao. Basi akalijenga vilevile. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba dirishani mtoto angeweza kulala akanyoosha miguu. Nje, kila baada ya hatua chache, ukuta uliegemezwa kwa nguzo pana ya mawe iliyoanzia chini nene ikaenda ikipungua. Madirisha yalikuwa membamba, yenye ncha juu. Mlango wa kuingilia ulikuwa upande wa kusini, wenye kibaraza cha tao na viti vya mawe, kwa sababu kule Uingereza upande wa kusini ndio unaopata jua, na wazee walikaa hapo kujipasha moto baada ya ibada. Kwetu jua linakupata popote ulipo. Kibaraza kilikaa kusini kwa sababu kule kilikaa kusini, na watu wetu walikikimbilia wakati wa mvua.

Upande wa magharibi ulisimama mnara wa mraba, mfupi na mnene, wenye meno juu kama boma la vita. Hayo meno yalikuwa urembo tu, lakini wakati wa vita yalipata kazi. Askari wa upande mmoja, kisha wa upande wa pili, walikaa humo kwa sababu ukiwa juu unaona barabara zote mpaka Kasubi. Ngazi ilikuwa ya mawe, imezungushwa ndani ya kona ya ukuta, hawakuweza kuichoma. Sakafu zote mbili za mbao walizichoma kupikia. Kengele yenyewe, moja tu na kubwa, waliiacha pamoja na mfumo wa boriti ulioibeba. Mimi mfumo ule niliuita kitanda, kwa sababu ulikuwa na miguu na mbao za pembeni kama kitanda, tofauti ni kwamba aliyelala juu yake alikuwa wa shaba.

Kengele ile haikugongwa kwa nyundo. Ilikuwa na gurudumu na kamba ndefu iliyoshuka mpaka chini ya mnara. Ukivuta kamba, kengele nzima inabembea, na ulimi wake wa chuma unagonga mdomo wake upande huu na upande ule.

Aliyevuta kamba alikuwa mwanamke. Alitoka kaskazini, mume wake askari polisi, Mwislamu mtulivu, na walikaa kambi ya polisi juu kule Naguru. Mpigaji wa kwanza, mzee mmoja, alitoweka vitani, ndipo mama yule akaishika kamba bila kuombwa. Alipiga kengele na mtoto mgongoni. Alisema mtoto huyo akiwekwa chini analia, akipewa mtu mwingine analia, na kengele ikianza analala. Nilimwita mama ingawa hakunizidi hata miaka mitano. Yeye aliniita fundi.

Kasisi wetu aliniita akanipa kazi ya kurudisha zile sakafu mbili. Kwa kuwa nitakuwa juu, alisema, niangalie pia kwa nini kile kitanda cha kengele kinatikisika. Nilifurahi mno. Siku ya kwanza nilipopanda, mama alivuta kidogo ili nijionee. Kitanda kizima kilisogea, upana wa kidole hivi, huku na huku, na boriti zikanung'unika. Nilishuka nimeudhika, kama mtu aliyeona kazi ya aibu ya mwenzake.

"Mama, hii imelegea kabisa," nilimwambia.

"Hapana, fundi. Hii nacheza tu. Tangu mimi nakuja, iko nacheza. Ule mzee pia alisema nacheza."

"Mbao haichezi, mama. Mbao ikicheza ujue imelegea."

Alinitazama, akamsogeza mtoto mgongoni. "Kale," alisema, kwa maana ya haya basi. "Wewe ndio fundi."

Nilirudi juu na futi yangu. Kati ya boriti za kitanda na ukuta, pande zote nne, palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Niliisoma nafasi ile kwa macho ya seremala: mbao imekauka, imekonda, imeachana na ukuta. Nilikuwa nimeona jambo hilo kwenye paa nyingi. Aliyenifundisha kazi alikuwa na desturi ya kutikisa kila kitu tulichomaliza. Meza ikiyumba, anaipindua miguu juu na kuiacha katikati ya karakana mpaka jioni, kila anayeingia aione. Tulikua tukiogopa kuyumba kuliko tulivyoogopa njaa. Kwa hiyo sikufikiri mara mbili. Nilichonga kabari nane za mvule, mbili kila upande, nikazipigilia kati ya boriti na ukuta mpaka nyundo ikaanza kuruka mkononi.

Jumapili iliyofuata kitanda hakikusogea hata unywele. Kengele ilisikika kali na imara, watu wakageuza vichwa. Baada ya ibada mzee wa kanisa, Muganda mmoja mrefu aliyependa kuvaa koti hata kwenye joto, alinishika mkono mbele ya wote.

"Ssebo, kengere yetu nalia kama zamani," alisema, kisha akanishukuru sana kwa Kiganda. "Webale nnyo. Hata Wazungu hapana tengeneza hivi."

Nilivimba kichwa. Nilitembea mpaka Kamwokya nikiwa mtu mwingine, na nilipofika nikamweleza jirani habari zile bila hata kuulizwa.

Sijui ilikuwa baada ya Jumapili ya tatu au ya nne. Nilipanda Jumatatu kumalizia kifuniko cha sakafu ya juu, nikakuta mchanga juu ya mbao nilizozipiga randa mwenyewe. Mchanga mwembamba, mwekundu kidogo, wa tofali la kuchoma na chokaa. Mnara ulikuwa mawe kwa nje na tofali kwa ndani. Niliinua macho. Kwenye kona ya kaskazini, usawa ule ule wa kabari, ufa mwembamba ulipanda kwenda kwenye dirisha la juu.

Nilijiambia ni risasi. Nilijiambia ni moto wa askari, umeichoma chokaa mpaka ikalegea. Sababu zilikuwa tele na zote zilikuwa za watu wengine. Nilifanya nilichowahi kuona waashi wakifanya: nilichukua kipande cha kioo cha dirisha, kirefu kama kalamu, nikakibandika kwa saruji ncha huku na ncha kule, kikivuka ufa. Ukuta ukiwa umetulia, kioo kinakaa. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hakina subira.

Jumatatu iliyofuata nilikikuta kimekatika katikati.

Halafu nikafanya jambo ambalo nimelifanya mara moja tu katika kazi yangu yote na bado naliona aibu. Nilikoroga chokaa, nikaziba ufa, nikapaka vumbi la tofali juu ili rangi ilingane. Nilivitoa vile vipande viwili vya kioo nikavitia mfukoni. Nilipofika chini nilikutana na kasisi, akaniuliza kazi inaendeleaje, nikasema inakwenda vizuri.

Ilibaki wiki mbili askofu aje kutoa kipaimara. Kwa desturi ya kanisa letu, kengele siku hiyo haipigwi mara chache kama kawaida. Inaanza gari la askofu likionekana kwenye kona ya chini ya barabara, na haiachi mpaka ameingia mlangoni, amevuka watu wote, ameketi. Mwaka mmoja, waliniambia kwa fahari, ilipigwa nusu saa nzima. Nilipiga hesabu ya kichwani ya nusu saa ile, mabembeo yake yote, kila moja likisukuma ukuta, na chini yake mama na mtoto wake.

Katika wiki ya mwisho kasisi aliniita kwenye kile chumba kidogo anachovalia kanzu. Alitaka kumsimulia askofu historia ya jengo, na alikuwa ametoa kwenye sanduku la bati michoro ya yule Mwingereza. Ukutani palikuwa na picha ya kanisa la asili, la kule kijijini, lenye umri wa karne nyingi, limezungukwa na makaburi yaliyoinama. Ungeweza kudhani ni letu limepelekwa penye baridi. Kasisi alikunjua karatasi kubwa juu ya meza. Ilikuwa ni mnara ule wa zamani ambao yule Mwingereza alikuja kuuiga, umechorwa kama papai lililopasuliwa katikati: ukuta mnene chini, unapungua kila ghorofa kwa ndani na kuacha kidaraja cha kukalia boriti, na juu ya vidaraja hivyo kimekaa kitanda cha kengele.

"Tazama walivyokuwa na akili," alisema. "Hawa watu hawakuwa na saruji wala chuma."

Nilikuwa nimeshatazama. Kati ya kitanda na ukuta, pande zote, palikuwa na nafasi. Ilichorwa kwa rula, ikawekewa mshale, na pembeni maandishi madogo ya Kiingereza ambayo kasisi alinisomea kwa furaha bila kujua ananisomea nini. Kwa pembeni, kitanda kisiguse ukuta popote. Kengele inapobembea, kitanda kibembee nayo, mbao imeze ule msukumo, ukuta usijue lolote. Ndiyo maana mnara wa kule ulikuwa umesimama karne zote hizo, alisema kasisi. Wajenzi wale waliujua uzito wa kengele ukiwa unatembea.

Nafasi ile haikuwa mbao iliyokonda. Ilikuwa kazi. Mtu aliiacha kwa makusudi, akavuka bahari nayo, akaiweka Kampala, nami nikaijaza kabari nane kwa sababu niliona kitu kinayumba.

"Na sisi tuko hivyo hivyo, sivyo?" kasisi aliuliza. "Nitamwambia askofu tuko hivyo hivyo."

"Ndiyo, Reverendi," nilisema.

Neno lilitoka lenyewe. Nimejitetea mara nyingi kwamba nilishtuka, kwamba nilitaka kwanza nirekebishe ndipo niseme. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliwaza watu watakavyosema: tumempa Mkenya mnara wetu, vita havikuuangusha, yeye ameuangusha. Niliwaza mtu mmoja tu akisema neno mpelelezi, hata kwa utani, na wale wa kulichukua neno hilo mbio hawakukosekana. Niliwaza yule fundi wa magari.

Ijumaa mchana nilipanda peke yangu na nyundo na patasi. Mpango ulikuwa rahisi: zitoe kabari, rudisha nafasi, asijue mtu. Mbili za kusini zilitoka bila shida. Moja ya magharibi ilitoka kwa matusi. Nilipofika kaskazini, kwenye kona ya ufa, kabari haikusogea. Niliigonga kwa upande, niliigonga kwa chini, ikawa kama nagonga jiwe. Ukuta ulikuwa umeiuma. Nilipoongeza nguvu, nusu tofali liling'oka juu yake, likaanguka kupitia tundu la kamba, nikalisikia likipasuka chini kabisa, pale anaposimama mama.

Nilishika boriti kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefika mwisho wa ninachokijua. Mimi ni mtu wa mbao. Sikuweza kusema kama kabari ile bado inausukuma ukuta au sasa ndiyo inayoushikilia. Niking'oa, huenda nikaokoa mnara. Niking'oa, huenda kona ikafuata. Jambo moja tu lilikuwa wazi, kwamba kengele isibembee tena mpaka aje mtu wa mawe, na la kulizuia hilo ni mdomo wangu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kusema. Naapa nilikwenda kusema. Nilimkuta kasisi uwanjani na wazee, wanapanga viti na kufunga turubai, na mzee wa kanisa akaniita kwa sauti kutoka mbali.

"Huyu ndiye fundi wetu. Kesho askofu natasikia kazi yake."

Wakanipigia makofi kidogo, kwa ucheshi. Nilisaidia kubeba mabenchi. Nilibeba mabenchi mengi kuliko mtu yeyote siku ile, na kila nililoweka chini nilisema moyoni, baada ya hili nitamwita pembeni. Mabenchi yakaisha. Nikaaga, nikaondoka.

Jumapili nilifika kabla ya watu. Mlango wa mnara ulikuwa wazi na mama alikuwa ndani, anafagia. Mtoto alikuwa mgongoni, macho wazi. Kamba ilikuwa imekwisha kufunguliwa kwenye ndoano yake. Ilikuwa ikining'inia, tayari.

"Mama, leo usipige."

"Askofu nakuja," alisema, bila kuacha kufagia.

"Usipige. Kitanda kinasukuma ukuta. Juu kuna ufa mkubwa. Ni mimi niliyeufanya, ni zile kabari zangu. Ulichoniambia kwamba inacheza tu kilikuwa kweli."

Aliacha kufagia. Hakuonekana kushangaa, na hilo lilinitisha zaidi ya hasira. Aliegemeza ufagio, akaenda nyuma ya mlango, akatoa kopo la mafuta ya kupikia, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele yangu. Lilikuwa limejaa mchanga mwekundu mpaka shingoni, na juu yake vipande vya lile tofali la Ijumaa.

"Kila Jumapili mimi nakuja mapema, nafagia," alisema. "Watu hapana ona."

"Ulijua?"

"Mimi naona mchanga naanguka. Nilisema, wakiona watasema Mkenya ameharibu. Mimi najua vile wanasema. Sisi watu ya kaskazini, wanasema hivyo hivyo."

"Na ukaendelea kupiga?" Sauti yangu ilipanda. Nilimkasirikia, nakiri, kana kwamba kosa lilikuwa lake. "Na mtoto mgongoni, mama? Kwa nini hukukataa?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo lisilo na maana.

"Wewe napanda juu kila Jumatatu," alisema. "Wewe naona yote. Mimi nilisema, kama iko mbaya, fundi atasema."

Wiki zote hizo nilikuwa nikiogopa watu watanidhania mabaya, na huyu mmoja alinidhania mema, na ni wema huo uliomsimamisha chini ya ukuta unaomwagika. Kimya changu alikisikia kama neno. Kila nilipokaa kimya alisikia nikisema, piga mama, hakuna shida.

Nilikwenda kwenye chumba cha kasisi. Alikuwa anavaa, na mzee wa kanisa alikuwa anamshikia kanzu. Nilisema yote kwa mpigo, kabari, ufa, kioo, chokaa niliyouzibia, mbele ya mzee, kwa sababu nilijua nikiomba faragha nitapata njia ya kupunguza. Kasisi alivua miwani.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu siku ya michoro, Reverendi. Kulishuku, kabla ya hapo."

"Siku ile nilikuuliza."

"Ndiyo."

Mzee wa kanisa aliitundika kanzu kwenye msumari polepole, akatoka, na kupitia dirishani nilimwona akifunga mlango wa mnara kwa minyororo miwili ya baiskeli.

Askofu alifika kimyakimya. Gari lilipanda kutoka kona ya chini, watu wakageuka kutazama mnara, mnara haukusema lolote. Kwaya ilichelewa kuanza, kisha ikaanza mara mbili. Nilimsikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake kwamba yule mke wa polisi atakuwa amelala. Mama alikuwa kwenye benchi la mbele yao, anasikia kila neno. Hakugeuka.

Nililoliogopa halikuja. Hakuna aliyenichukua, hakuna aliyesema mpelelezi. Kasisi alimleta mwashi wa mawe, mtu mkali wa maneno machache, akaweka miti ya kuegemeza ukuta kwa ndani na nje, na chini ya amri yake nilizikata kabari zangu kwa msumeno, moja moja, vipande vidogo vidogo. Kona ilishonwa kwa mawe mapya. Kazi ilichukua miezi. Mzee wa kanisa alikaa karibu nusu ya muda huo bila kunisalimia, halafu siku moja akanisalimia kana kwamba tuliachana jana. Nilidhani basi yameisha, na nilianza kupumua vizuri.

Siku mwashi aliposema kengele ijaribiwe, ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limewaka vizuri. Nilikuwa juu tangu mapema. Nilipitisha mkono wangu kwenye nafasi ile, pande zote nne, vidole vinne vikapita bila kugusa kitu. Nilipitisha tena. Nilitazama kona, nilitazama vioo vitatu ambavyo mwashi alivibandika, vyote vizima. Kisha nikashuka. Mama alikuwa amesimama karibu na kamba, mtoto mgongoni.

"Iko salama, mama," nilisema. "Nimeangalia kila kitu."

Aliitikia kwa kichwa. Aliishika kamba, akaishika tu, akanikabidhi.

"Leo piga wewe," alisema.

"Mimi sijui kupiga vizuri kama wewe."

"Hapana shida. Vuta, ngoja, vuta." Alikuwa akisema taratibu, bila hasira yoyote, kama anayemwonyesha mgeni njia. "Mimi nakaa inje na mtoto."

Akatoka. Nilivuta. Kengele ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, mara ya kwanza haikulia kabisa, mara ya pili ikagonga upande mmoja, kisha ikaanza kubembea sawasawa na sauti ikajaa mnara mzima. Juu yangu nilisikia boriti zikisogea huku na huku. Kitanda kilikuwa kinacheza. Hakuna hata punje iliyoanguka. Nilitamani aone, nikageuza shingo kumtafuta kupitia mlangoni.

Hakuwa kibarazani wala uani. Alikuwa amevuka uwanja wote mpaka kwenye nyasi karibu na uzio, anautazama mnara, mkono mmoja nyuma umemshika mtoto. Nilipima kwa macho, sikuweza kujizuia, ndiyo kazi yangu. Nilichukua urefu wa mnara nikaulaza chini kuelekea kwake. Alikuwa amesimama hatua tatu au nne kupita pale ambapo jiwe la juu kabisa lingefika kama mnara ungeanguka.

Niliendelea kuvuta, na yeye alikaa pale pale mpaka nilipomaliza.